Barua ya Wazi kwa Vijana wa Sheria Jijini Nairobi

Wanangu mnaosomea sheria, na ninyi mlioanza juzi kuvaa majoho ya uwakili,

Nawasalimu kwa heshima. Kila baada ya uchaguzi nawasikia mkiisifu au kuilaani Mahakama ya Juu kulingana na aliyeibuka mshindi, na jambo hilo linanitia wasiwasi, kwa maana ninyi ndio mtakaosimama mbele ya majaji hao kesho. Nawasihi msiishie kwenye tamko la mwisho la hukumu. Someni sababu zake, kwa kuwa humo ndimo Katiba yetu inamojengwa.

Kifungu cha 163(7) cha Katiba kinazifunga mahakama nyingine zote kwa maamuzi ya Mahakama ya Juu. Majaji hao wanapofafanua neno moja la Katiba ya 2010, ufafanuzi wao unamfunga hakimu wa Makadara sawa na wa Lodwar.

Tazameni yaliyowapata wakazi wa kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, ambao makao yao yalibomolewa mwaka 2011. Mahakama Kuu iliwapa haki mwaka 2013, Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha uamuzi huo mwaka 2016, na Januari 2021 Mahakama ya Juu ikatamka jambo ambalo hamtalikuta limeandikwa waziwazi katika Kifungu cha 43, kinachotaja haki ya makazi: kwamba wasio na ardhi wakijenga makao kwenye ardhi ya umma hawapati hatimiliki, lakini wanapata haki ya makazi inayostahili kulindwa. Ikakubali pia kwamba jaji anaweza kuendelea kusimamia utekelezaji wa amri zake badala ya kufunga faili siku ya hukumu. Kwangu mimi, hilo la pili ndilo zito zaidi, kwa sababu mnyonge anaweza kushinda kesi na bado akalala nje.

Kusoma juujuu kuna madhara yake. Desemba 2017 Mahakama hiyo iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila apatikanaye na hatia ya mauaji kunakiuka Katiba. Adhabu yenyewe haikuiondoa. Mahakama za chini zikaanza kuutumia uamuzi huo hata kwa wizi wa mabavu, mpaka Julai 2021 ulipotolewa mwongozo kwamba ulihusu mauaji peke yake. Wafikirieni wafungwa waliokuwa wamekwisha kupata matumaini.

Na Septemba 2017, majaji wanne dhidi ya wawili walipobatilisha uchaguzi wa urais, wengi walishangilia au kununa bila kusoma kwamba hoja ilikuwa utaratibu: uchaguzi haupimwi kwa idadi ya kura tu, bali pia kwa namna matokeo yalivyojumlishwa na kupeperushwa. Wasomeni pia Jaji Ojwang na Jaji Njoki Ndung'u waliotofautiana na wenzao, hasa ninyi mliofurahishwa na uamuzi ule.

Hukumu hizi zinapatikana bila malipo katika tovuti ya Kenya Law. Mkimaliza hizo, ingieni katika ile ya Machi 2022 kuhusu BBI, mpango uliotaka kuirekebisha Katiba. Ni ndefu mno na kila jaji aliandika maoni yake, kwa hivyo isomeni wawili wawili, mmoja akitetea na mwingine akipinga, kisha mbadilishane pande.

Mimi mzee wenu,
Nairobi