Barua kwa mwanangu: kiota kiko wapi?

Mwanangu,

Najua utashtuka kuona meseji ndefu hivi kutoka kwangu, mimi ambaye huwa nakujibu "sawa" na kidole gumba basi imeisha. Ila leo asubuhi baada ya kutuma picha ya wiki uliniuliza, "baba mada si ni kiota, sasa kiota kiko wapi hapo?" na wenzako wakaweka vicheko, nikaanza kuandika jibu la mstari mmoja nikafuta, nikaandika tena nikafuta, nikaona hapana, hili nikae chini niliandike vizuri na nikutumie wewe peke yako.

Nianze mwanzo. Uliponiingiza kwenye hiyo chalenji yenu ya picha za wanyama, kila Jumatatu mnapewa neno moja ndo mada, bila hata kuniuliza nilinuna, sikukuonyesha tu. Nikasoma zile sheria, mnyama awe wa mwituni asiwe wa kufugwa wala wa kwenye kizimba, picha iwe imepigwa wiki hiyo hiyo isiwe ya kufukua kwenye diski, kila mtu anatuma moja tu na mwisho ni Jumapili usiku, nikasema hawa watoto kweli hawana kazi. Kamera ilikuwa imelala kabatini miaka sita. Betri imekufa hata taa ya chaja haiwaki, ile lenzi ndefu ya 400mm ya kuvuta vitu vya mbali nikaimulika na tochi nikakuta fangasi imeanza kuota kwa ndani pembeni, kama utando wa buibui hivi. Nikafikiria nikuambie mgongo unauma, halafu nikakumbuka hiyo ya mgongo nilishaitumia.

Na mada ya kwanza si ikaja "mgongo"! Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Sisi wa zamani mnyama akikugeuzia mgongo ndo umekosa picha, unashusha kamera unasubiri ageuke, maana jicho ndo kila kitu, unafokasi kwenye jicho na lile doa la mwanga ndani ya jicho lisipokuwepo unafuta. Sasa leo mtu anautaka mgongo. Nikazunguka siku tatu sina kitu. Siku ya nne nikamwona mjusi ukutani, wa kawaida kabisa, wale unaopishana nao kila siku wala huwasalimii, nikapiga goti mita tatu na nusu kutoka kwake kwa sababu lenzi ile karibu zaidi ya hapo haifokasi, na nilipomwangalia kupitia kamera nikaona mkia wake una sehemu mbili. Ya juu ina michoro ile ile ya mgongoni, halafu ghafla kama mtu kachora mstari, inaanza rangi moja tu, imepooza, haina michoro yoyote. Ule wa kwanza ulishakatika ukaota mwingine, na wa pili huwa hauji sawa na wa kwanza. Mijusi nimeishi nao umri wote huu, hilo la mkia nilikuwa nimelisikia tu, sijawahi kukaa nikaliangalia.

Nilipiga picha nane. Zamani ningepiga mia nane. Usiku nikaifungua kwenye kompyuta nikaikuza nikaanza kufuata magamba moja moja, mama yako akaja akasimama nyuma yangu akauliza "huyo nani?" nikamwambia jirani.

Unajua kwenye ile diski yangu ya zamani kuna picha zaidi ya elfu kumi na nne, na nyingi sijawahi hata kuzifungua? Ndo nilivyokuwa. Natoka natafuta ile picha kubwa, simba amefungua kinywa, tai na samaki wake, nikiwakosa narudi nimenuna na njiani nimepita viumbe mia sijawatazama, nikiwapata nafyatua mfululizo mpaka kadi inajaa, halafu nakuja kuzilinganisha na za watu wengine naona zangu hazifai. Hii yenu ya kupewa neno moja kumbe ina ujanja wake. Ukiambiwa "mgongo" unatoka unatafuta mgongo, na katika kutafuta mgongo unaona mikia, unaona kucha, unaona siafu wanahama, na hakuna unachokikosa kwa sababu hukuwa unakitafuta. Sijui kama nimeeleweka.

Wiki ya "mwendo" ndo ilinimaliza kiuno. Ndege akiruka nimezoea kumgandisha, spidi ya shata 1/2000 ya sekunde anasimama hewani kama kabandikwa, lakini huo si mwendo, hiyo ni sanamu. Nikashusha mpaka 1/30 nikawa nafuata kunguru kwa kamera, miguu haisogei, kiuno ndo kinazunguka, unafyatua huku unazunguka na ukishafyatua usisimame, endelea kuzunguka, ukisimama tu imekwenda. Wapita njia walikuwa wananiangalia mzee mzima nazungukazunguka nimeelekeza kamera yangu huko juu. Nilipiga 240 na kitu, nikapata moja. Moja! Kichwa kimetulia na jicho linaonekana, mabawa yamekuwa kama moshi, na nyuma yake kote ni mistari. Ile ndo uliyoniandikia "baba umetisha", nikaisoma hiyo meseji mara nne.

Ya "kivuli" nilitia aibu, tusiizungumzie.

Lakini iliyonirudisha kabisa ni "umande". Nilitoka saa kumi na mbili asubuhi, nyasi zimelowa mpaka magotini, nikamkuta kereng'ende ameng'ang'ania bua, amelowa mwili mzima, matone yamejipanga kwenye mbawa kama shanga na kila tone lina picha ya anga ndani yake imepinduka juu chini. Hakuruka. Mimi zamani nilidhani kereng'ende wa asubuhi ni mpole tu, kumbe hawezi, misuli ya mbawa ikiwa ya baridi haifanyi kazi, mpaka ajipashe moto kwanza. Nikasogea taratibu na ile lenzi ndogo ya makro, ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, nikajipanga pembeni yake ili mwili wote ukae sawa na uso wa kamera, maana ukikaa upande upande kidogo tu kichwa kinatoka mkia unafifia hata ukibana tundu la lenzi mpaka f/8, nikashika pumzi. Hapo jua likafika kwenye bua. Akaanza kutetemesha mbawa, kidogo kidogo, hapandi wala hashuki, anatetemeka tu pale pale kama gari linalowashwa asubuhi ya baridi, matone yakawa yanadondoka moja moja, dakika sijui ngapi, halafu fyuu, hayupo. Nikabaki nimepiga magoti kwenye maji, suruali imelowa, nacheka. Picha niliyowatumia ni ya kabla hajatetemeka. Za alipokuwa anatetemeka hakuna, nilisahau kufyatua.

Basi nikawa mtu wa kusubiri Jumatatu. Mama yako anasema nimeanza tena kuangalia angani nikiwa naongea na watu.

Halafu Jumatatu hii ikaja "kiota". Na hapa ndo penyewe mwanangu, nimezunguka kote huko ili nifike hapa.

Unaikumbuka ile picha ya yule ndege mdogo ametanda juu ya kiota, vifaranga watatu wamefungua midomo, mwanga unatoka kushoto, ile uliyoikuza ukaitia fremu ukaniletea siku yangu ya kuzaliwa? Ukaitundika mwenyewe sebuleni. Halafu baada ya miezi michache ukakuta haipo nikakuambia ukuta ule una unyevu. Ukuta hauna unyevu. Na mgongo wangu nao hauna shida yoyote, lenzi ile hata leo naibeba.

Kiota kile kilikuwa ndani ya kichaka, tawi moja lenye majani limepita mbele yake, kila nikijaribu kufokasi kamera inashika majani. Nilizunguka pembe zote. Mwishowe nikatoa kisu nikalikata lile tawi. Sikulifunga pembeni, sikulisogeza, nililikata, tena nakumbuka nilijisemea ni tawi moja tu. Mwanga ukaingia vizuri mno, mama wa wale vifaranga akarudi, nikapiga picha, na kati ya hizo ndo ile. Watu waliisifu sana, niliambiwa ni picha bora niliyowahi kupiga na nadhani ni kweli. Kesho yake asubuhi nikarudi nipige zaidi. Kiota kilikuwa wazi kama sahani mezani, na kilikuwa kitupu. Kunguru wawili wako juu ya mti wa jirani. Sikuwaona wakichukua, labda hawakuwa wao, labda ni kitu kingine cha usiku, lakini majani yale yalikuwa ndo mlango wa nyumba na mimi ndo niliyeung'oa. Mama alikuwa bado anakuja na mdudu mdomoni, anatua, anaangalia, anaruka, anarudi tena na mdudu yule yule. Nilikaa pale nikamwona mara sita. Kamera ilikuwa shingoni, sikuiinua.

Nilirudi nyumbani nikaiweka kabatini. Nyie mkaniuliza, nikasema mgongo.

Halafu wewe hukujua lolote ukaenda ukaitia fremu. Ningekuambia nini siku ile? Ulikuwa umefurahi.

Kwa hiyo ilipokuja hii mada nilikuwa niache, niseme naumwa. Jumanne nikawa nasoma habari za wale ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, ambao mwaka 1892 walipiga picha ya kiota chenye mayai wakati kamera zenyewe ni masanduku ya mbao na vioo, na unajua baadaye walifanya nini ili ndege wasishtuke? Walichukua ngozi ya ng'ombe mzima wakaitengenezea umbo ndani wazi, mmoja anaingia humo na kamera yake anasimama malishoni kama ng'ombe, lenzi imechungulia kwenye tundu. Watu wa karne ya kumi na tisa wanakubali kubanana ndani ya ng'ombe ili wasimsumbue ndege, na mimi na lenzi ya 400mm nimeshindwa kuzunguka tawi. Nililala vibaya usiku huo.

Alhamisi nikaenda pale wanapojenga wale mnana, wale wa njano wenye kelele. Viota viko kwenye mti, sikwenda kwenye mti. Nilikuwa nimewachungulia kwa darubini siku ya nyuma nikaona dume akitaka nyasi haendi mbali, ana sehemu yake anayochukulia, anang'ata ukingo wa jani refu kama anakata kwa mkasi, halafu anaruka huku ameshikilia na jani linachanika lenyewe utepe mrefu mara tatu ya mwili wake. Nikakaa huko kwenye manyasi, mti wenyewe uko mbali mgongoni kwangu, nimejifunika shuka la kijani, nimekaa saa nzima na robo mpaka wakanizoea. Shata 1/2000, f/5.6, ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, ikapanda mpaka 1600 maana kulikuwa na mawingu. Alikuja dume mmoja akang'ata, akaruka, utepe ukatoka nyuma yake kama mkia wa kishada, nikafyatua mara tatu nikamwacha aende. Sikugeuka kumwangalia anakopeleka.

Ndo hiyo picha. Ulivyouliza kiota kiko wapi, kiko mdomoni mwake, bado hakijawa kiota tu. Kama wenzako wataona sijafuata mada waikatae, sina neno.

Ile ya fremu iko nyuma ya kabati la nguo, nimeifunga na gazeti. Ukija uamue mwenyewe, ni zawadi yako uliyonipa siwezi kuitupa, ila sebuleni usiirudishe. Mama yako anajua, nimemwambia jana, hakusema kitu, alinishika bega tu akaenda kulala.

Wiki ijayo zamu ya kutoa mada ni yangu, nimeshawaandikia: "nyuma ya majani". Na nimeongeza sheria moja, jani lisiguswe, likikuziba limekuziba. Naona kuna mtu keshaanza kulalamika kwamba fokasi itakuwa inashika majani. Mwambie aweke ya mkono, azungushe pete ya lenzi pole pole mpaka jicho litokee. Betri yangu iko kwenye chaji.

Baba yako