Barua kwa binti yangu: mbona hujaandika utarudije?

Nakuru

Mwanangu,

Ratiba yako ya kutalii Cape Town tumeipata kwa simu ya mdogo wako, maana yangu ilikataa kuifungua. Nimeisoma. Mama yako ameisoma, halafu shangazi yako alipokuja kuchukua debe lake la mahindi akasomewa kwa sauti pale jikoni. Kwa hiyo ujue ukoo mzima unafahamu kwamba Jumanne uko mlimani, Jumatano kisiwani, Alhamisi kwa pengwini. Ni ratiba safi. Enzi zangu pale stesheni nilibandika ukutani nyingine mbovu kuliko hiyo. Lakini kuna jambo moja. Kila siku umeandika unakokwenda na saa ya kutoka. Saa ya kurudi hujaandika popote.

Ningekupigia, ila ukishasema "sawa Baba" najua mambo yamekwisha hapo. Barua huwezi kuikatia. Na kwa vyovyote kulikuwa na kifurushi cha kutuma: kadi yako ya chanjo ya homa ya manjano tumeipata kwenye droo ya vyombo, chini ya risiti za maji. Afrika Kusini wanaidai kwa mtu anayetoka Kenya. Viza sawa, tangu Januari 2023 tunaingia bila viza hadi siku 90, lakini usidhani basi na kadi nayo imefutwa. Ulikuwa umepanga kuondoka bila hiyo kadi? Usinijibu.

Nirudi kwenye kurudi. Najua mnanicheka, mzee na treni zake. Lakini mimi nimekaa kwenye dirisha la tiketi, nimewaona waliopitwa na gari la mwisho. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mjinga. Wote walikuwa na nauli, wote walikuwa na sababu, na wote walikuwa na uhakika kwamba bado kuna muda. Yale ya kule kreta ya Menengai siyarudii, unayajua. Na aliyetakiwa kuwa na gari pale juu saa kumi na moja, unamjua pia.

Tuanze na mlima. Umeandika mtapanda Table Mountain kwa miguu, njia ya Platteklip, halafu mshuke kwa lile gari la waya. Mpango huo unapendeza kwenye karatasi, ila kushuka kwenu mmekukabidhi upepo. Gari lenyewe sina neno nalo. Lipo tangu 1929, siku hizi sakafu yake inazunguka ili kila abiria aone pande zote, na ni dakika tano hivi uko chini. Shida ni kwamba Desemba ndio msimu wa upepo wao wa kusini-mashariki, ule wanaouita daktari kwa kuwa unaufagilia mji hewa chafu. Ukizidi, gari linasimamishwa. Kinalia king'ora huko juu na watu wote wanatakiwa kituoni haraka. Sasa wewe king'ora kikikukuta upande wa pili unawapiga picha pimbi (pimbi! wale wale tulio nao huku kwenye mawe), utafika kituoni ukute foleni ndefu. Gari likifungwa kabla zamu yako haijafika, unashuka kwa miguu ile ile uliyopandia, ikiwa imechoka, na kushuka ndiko kunakovunja watu magoti.

Mdogo wako amepiga hesabu akacheka hadi chai ikamwagika. Kilele cha mlima huo ni mita 1,086 juu ya bahari. Nakuru hapa tuko kama mita 1,850. Yaani ukifika juu kabisa, unapiga kelele za ushindi, bado uko chini ya jiko la mama yako. Ni kweli, na mimi nilicheka. Lakini jikoni hakuna ukingo. Kule, kutoka barabarani hadi kituo cha juu, ni kama mita 700 utakazozipanda mwenyewe kwa ngazi za mawe, na lile wingu jeupe wanaloliita kitambaa cha meza, linalopendeza ukiwa chini na kamera, ukiwa ndani yake ni ukungu mtupu. Huoni njia wala mwamba unapoishia.

Kwa hiyo kabla hujafunga kamba za viatu, angalia kama gari linafanya kazi siku hiyo na la mwisho linashuka saa ngapi. Hutangazwa kila asubuhi. Toa hapo masaa mawili. Masaa yanayobaki ndiyo yako, yale mawili ni yangu.

Wala usiniambie utatazama jua. Wewe umezaliwa karibu na ikweta, umezoea jua lenye nidhamu, ambalo mwaka mzima linazama kabla ya saa moja. La huko halina utaratibu huo. Juni wanawasha taa kabla ya saa kumi na mbili jioni. Desemba linakaa juu hadi karibu saa mbili usiku. Utaona mwanga, mwili utakuambia ni alasiri, kumbe watu wameshafunga maduka na kwenda zao, na njia uliyopita na umati mchana imebaki tupu. Wasafiri wengi huibiwa kwenye njia kama hizo, na walioibiwa walikuwa wanasema "bado kweupe". Halafu wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukinipigia saa tatu ya huko, hapa ni saa nne, na mama yako atakuwa ameketi kitandani na viatu vyake miguuni.

Siku ya kisiwani ndiyo inayonipa usingizi, kwa sababu Robben mtu hana uhuru wa kuchelewa. Feri inawatoa bandarini, mnazungushwa kwa basi, mnaingizwa gerezani, mnarudishwa; yote kama masaa matatu na nusu. Kata tiketi mapema kwa sababu Desemba zinaisha. Bahari ikichafuka safari inafutwa, ndiyo maana umefanya vizuri kuiweka katikati ya wiki, upate siku ya kujaribu tena. Sijui kama hiyo ni akili yako au ya huyo mwenzako.

Anayewatembeza ndani ya gereza mara nyingi ni mtu aliyefungwa humo humo kwa sababu ya siasa. Weka simu mfukoni umsikilize. Kila mtu atakimbilia seli ya Mandela, na si vibaya, alikaa kisiwani tangu 1964 hadi 1982. Lakini basi likipita kwenye nyumba ya Robert Sobukwe, mpinzani mwingine wa ubaguzi wa rangi, simamisha macho hapo kwa niaba yangu. Huyo alimaliza kifungo chake 1963, kamaliza kabisa, wakatunga kifungu cha sheria cha kumzuia asitoke, na Bunge likawa linakiongeza mwaka baada ya mwaka. Miaka sita akawekwa peke yake, hana ruhusa ya kuzungumza na wafungwa wengine. Alipotolewa 1969 hakuachwa aende kwake. Walimpeleka Kimberley, akafia huko 1978. Hadithi hiyo niliisoma nikiwa kijana, kwenye gazeti lililofungiwa karanga, na sijapata kuisahau.

Alhamisi sasa. Hapo ndipo umeniacha njia panda. Umeandika: "pengwini, Cape Point, kurudi kupitia Chapman's Peak, gari la kukodi". Hilo "kurudi" moja nimelihesabu, lakini halina saa wala dereva. Nani anaendesha? Leseni unayo, najua, niliilipia. Lakini tangu uipate umeendesha lini zaidi ya kutoka kwa geti hadi kwa posho mill? Chapman's Peak ni barabara iliyochongwa kwenye mwamba juu ya bahari, na mawe yakianza kuanguka inafungwa, kila gari likazunguke njia ya ndani. Ulizeni asubuhi, si mkishafika kwenye kizuizi jioni.

Pengwini waende wakaonwe. Pale ufukwe wa Boulders walianza jozi mbili tu miaka ya 1980, wakaongezeka hadi wakawa kivutio, na sasa aina hiyo yote inapungua hivi kwamba 2024 waliwekwa kwenye kundi la ndege walio hatarini kabisa kutoweka. Samaki ambao ndio chakula chao wamepungua. Sisi tuliowaona heroe wakiliacha ziwa letu na kuhamia Bogoria maji yalipopanda hatuna haja ya kuelezwa. Nenda uwaone. Usiwashike, wanang'ata.

Nyani wa Cape Point ni kama wa hapa kwenye hifadhi, ila wamesoma zaidi: wanafungua mlango wa gari. Chakula kisikae kwenye kiti, na ukinyang'anywa mfuko usiung'ang'anie. Huko juu kuna mnara wa taa wa zamani. Ukiwa pale ukumbuke kwamba walioujenga waliuweka juu mno. Ukungu ukishuka mabaharia hawakuiona taa. Meli ya abiria ya Wareno ikagonga mwamba 1911, ndipo wakajenga mwingine chini zaidi. Taa ilikuwa inawaka miaka yote hiyo. Na tafadhali usitutumie picha ukisema umesimama kwenye ncha ya Afrika. Ncha ni Cape Agulhas, mbali zaidi upande wa kusini-mashariki. Mama yako ameshaanza kuwaambia watoto wa shule ya Jumapili.

Chaja: plagi zao zina pini tatu nene za mviringo. Yetu ya pini bapa haiingii. Nunua kiunganishi hapo Nairobi, usingoje uwanja wa ndege watakakokuuzia kwa bei ya mbuzi. Simu ikizima huko huna teksi, huna ramani, huna namba ya mtu yeyote, maana siku hizi hamkariri namba. Yangu unaikariri? Iandike kwenye karatasi uiweke ndani ya pasipoti. M-Pesa nayo usiitegemee dukani, walijaribu kuianzisha huko wakaifunga 2016. Beba randi kidogo taslimu, nauli ya kurudi ikae mfuko wake, isichanganywe na ya soda.

Mahindi tumevuna. Siyo kama mwaka jana lakini hatulii. Yako kwenye turubai tangu Ijumaa, na mvua hii isiyo na msimu inatufanya tuyakusanye na kuyatandaza kila baada ya saa mbili. Mgongo wa mama yako unalalamika na mdogo wako ghafla ana mitihani. Tangi limepata ufa chini, nimelipaka ile dawa nyeusi. Mbwa wa jirani ameanza tena. Pesa ya mabati uliyotuma Oktoba ilifika, na paa la jikoni limekwisha, halivuji. Nilisahau kukuambia. Mama yako anasema sikusahau.

Jambo jingine. Kwetu mtu akipanda ndege ni shule, kazi au hospitali. Wewe ndiye wa kwanza kupanda ili ukatazame tu, kwa pesa zako, bila kuomba mtu. Wazee kanisani waliniuliza, nikawaambia unaenda semina. Shangazi yako akanirekebisha mbele yao wote: "Anaenda kutalii." Walinyamaza kidogo, kisha mmoja akauliza kama mlima ule kweli uko bapa juu. Nikamweleza habari yote, gari la waya, sakafu inayozunguka, pimbi. Nilieleza hadi ibada ikaanza.

Kwenye ratiba pia umeandika "sisi" kila mahali. Sisi tutapanda, sisi tutakodi. Siulizi sisi ni nani. Nasema tu kwamba mtu anayeshuka mlima na binti yangu jioni, jina lake na namba yake ya simu vinaweza kuandikwa kwenye karatasi hiyo hiyo bila dunia kuanguka. Mama yako yeye anauliza.

Basi kabla ya Jumamosi nitumie ratiba upya. Upande wa kushoto weka saa ya kurudi, na unarudi na nini, na nani. Upande wa kulia weka hayo mengine ya kutazama. Mdogo wako anataka jezi ya Bafana Bafana. Nunua kubwa, anarefuka. Mimi usininunulie kitu.

Nafunga, dereva anapiga honi na amesema hangoji. Kifurushi ulipie shilingi mia mbili ukikipokea, nimemlipa nusu. Kadi ya njano iko kwenye bahasha ya khaki pamoja na sweta la mama yako. Ulikuwa umesema hulitaki. Litie kwenye mfuko wa mlimani.

Baba yako