Barua ya wazi kwa Mbunge wetu: tutahakikiwa mpaka lini?

Mheshimiwa Mbunge,

Salamu, na hongera kwa gari jipya. Tumeliona likipita hapa kijijini, vioo juu.

Nimeamua kukuandikia hadharani kwa kuwa barua zinazopitia ofisini kwako hazijibiwi. Wiki iliyopita tumeitwa tena kwenye uhakiki wa madai ya mishahara yetu, sisi tuliochimba makaa ya mawe kwenye mgodi wa Kiwira, huku Nyanda za Juu Kusini. Mwenzangu mmoja ilibidi apakiwe mshikaki kwenye bodaboda, katikati ya dereva na mwanawe, maana kifua hakimruhusu tena kupanda ule mlima. Akatoa hati zake za mshahara, pembeni zimeliwa na mchwa. Kijana wa kompyuta akamwambia jina la kati halifanani na la kitambulisho cha taifa, aende akaape mahakamani, kisha arudi. Arudi na nini? Hata nauli ile ilikuwa ya kukopa.

Mgodi ule Wachina walitusaidia kuujenga, ukafunguliwa 1988. Tulichimba chini kwa chini, makaa yakaendesha mitambo ya umeme ya megawati 6. Mwaka 2005 ukabinafsishwa, baadaye ukarudi serikalini. Mgodi umepata pa kurudi, mishahara yetu haijapata. Ukiuliza deni ni la nani, kila mtu anamnyooshea kidole mwenzake. Mimi nahisi, na ushahidi sina, kuna mtu mahali anahesabu makaburi: tukipungua sisi, na deni linapungua.

Wakati wa kampeni ulisimama uwanja wa mpira, ukaazima kofia yangu ya mgodini, ukaivaa, ukasema jasho la wazee hawa utalidai kwa mdomo wako mwenyewe. Tukakupigia makofi, tukakwambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Mdomo huo tumeusikia bungeni ukiipongeza wizara, ukiupongeza mkoa, ukiunga mkono hoja kwa asilimia mia moja. Na kofia yangu hujairudisha.

Leo sikudai lami. (Lami tunaitaka, usije ukasema wazee wameikataa.) Naomba swali moja tu, hata la nyongeza. Simama umuulize Waziri: waliochimba Kiwira watalipwa lini, na nani? Asijibu kwamba mchakato unaendelea, jibu hilo tunalo. Tarehe, Mheshimiwa. Ataje tarehe. Na kama haipo, aseme haipo, tujue moja.

Ni mimi mpiga kura wako,
Mchimbaji wa zamani, shifti ya usiku