Barua ya Kufunga Muhula kwa Wazazi wa Watoto Wanaoingia Chekechea

Ndugu wazazi na walezi,

Leo tunafunga muhula. Watoto wenu wakirudi likizo wataingia chekechea. Ahsanteni kwa kuwaleta kila asubuhi, hata siku zile walizolia getini.

Muhula huu wazazi kadhaa wamenijia ofisini na swali lilelile: "Mwalimu, mbona daftari la mtoto halina kitu? Kila nikimuuliza leo mmefanya nini, ananijibu tumecheza." Mna haki ya kuuliza, na jibu langu ni kwamba mtoto amewaambia kweli. Amecheza, na humo ndimo alimojifunza.

Majuzi nilikaa kwenye kona ya matofali ya mbao. Watoto wawili walikuwa wanajenga daraja. Lilibaki tofali refu moja tu na kila mmoja alilitaka. Wakavutana, mmoja akaangua kilio. Mwalimu wao alikuwa karibu lakini hakuingilia, akawapa nafasi. Mara yule mwingine akaliachia, akachukua matofali mawili mafupi, akayalaza kando ya lile refu na kuyasogeza mpaka ncha zikalingana. "Haya mawili ni sawa na hilo," akamwambia mwenzake. Kilio kikakoma, ujenzi ukaendelea. Mtoto yule alipima, akalinganisha, akatafuta maneno ya kumtuliza mwenzake, akauzuia mkono wake usipokonye. Hesabu atakayofundishwa mbele itasimama juu ya hayo, na daftari lisingewaonyesha hata moja.

Wala huu si mtindo mpya. Friedrich Froebel, mwalimu Mjerumani, alifungua kituo chake cha watoto wadogo mjini Bad Blankenburg mwaka 1837, na mwaka 1840 akakipa jina lenye maana ya bustani ya watoto. Vifaa alivyowapa vilikuwa mipira ya nyuzi za sufu na vipande vya mbao, ndugu wa hivi vyetu.

Kuhusu kuandika, naomba mnisikilize kwa makini. Vidole vya mtoto wa miaka 4 bado vinakomaa. Kufinyanga udongo, kutunga shanga, kuchana karatasi na kukata kwa mkasi ndiko kunakovipa nguvu ya kushika penseli. Akilazimishwa kabla ya wakati, huishika kwa ngumi, mkono ukamuuma, akachukia kazi yenyewe. Nimewapokea watoto wa namna hiyo, na kinachoniumiza si mwandiko wao, ni kusikia mtoto mdogo hivyo akisema, "Mimi siwezi." Kwa hiyo likizo hii sitoi kazi ya kuandika. Mtoto akitaka mwenyewe kuandika jina lake, mwonyesheni. Akichoka, mwacheni.

Mkitaka kumwandaa, mwacheni ajifunge vifungo mwenyewe hata kama mtachelewa kutoka. Mzoesheni kwenda chooni na kunawa mikono bila kusaidiwa, na zaidi ya hapo, kumwambia mtu mzima asiyemzoea kwamba amebanwa. Wiki za kwanza za chekechea, machozi mengi hutokana na jambo hilo, si herufi. Msimulieni hadithi kabla ya kulala, kisha kesho yake awasimulie nyinyi, hata akiibadilisha. Mkipanda ngazi, hesabuni pamoja. Mwacheni siku moja moja kwa ndugu mnayemwamini, na mnapoondoka mwageni mkimwambia mtarudi saa ngapi. Kumtoroka akiwa amegeuka kunamfundisha kutotuamini sote.

Na simu. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba watoto wa miaka 3 na 4 wasikae mbele ya skrini zaidi ya saa 1 kwa siku, wapate dakika 180 au zaidi za kukimbia, kuruka na kucheza, na walale saa 10 hadi 13. Najua mnarudi nyumbani mmechoka. Hata hivyo, ndoo ya maji na vikombe viwili vya ukubwa tofauti vinaweza kumshughulisha mtoto muda mrefu, naye akagundua mwenyewe ni vikombe vingapi vidogo vinajaza kikubwa.

Siku ya kufungua, walimu wa chekechea watawapokea watoto getini pamoja na mwalimu wao wa sasa. Yale matofali ya mbao tumeshayahamishia darasa jipya, kwenye kona ya dirishani, ili wakiingia wakute kitu wanachokijua.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu