Kabla ya Kumwinda Musi, Panga Jinsi Nyama Itakavyotoka Porini

Wateja wengi wanaotuandikia kuhusu kumwinda musi, yule mnyama mkubwa kuliko wote wa jamii ya kulungu, huanza kwa kuuliza bunduki ipi inafaa na ni bonde gani la Alaska lenye madume wakubwa. Sisi tunaokodisha boti za mpira na kupanga safari za ndege ndogo huwauliza kwanza nyama itatokaje huko. Dume aliyekomaa hufikia kilo 500 hadi 700, karibu sawa na pofu, na hutoa nyama ipatayo kilo 230. Sheria inamtaka mwindaji aitoe yote inayolika, na pembe zisiondoke pale alipoangukia mnyama kabla ya fungu la mwisho la nyama.

Kando ya mito ya Alaska kama Holitna na Innoko hakuna barabara. Ndege ya Super Cub hubeba rubani, abiria mmoja na mzigo mdogo, kwa hiyo wawindaji wawili na dume mmoja ni safari kadhaa za kulipia. Ndege kubwa zaidi, Beaver, hubeba takriban nusu tani, lakini huhitaji mahali papana zaidi pa kutua. Ndiyo maana tunawashauri wawindaji wawili wanaotumia boti moja watosheke na dume mmoja, hata kama vibali vinawaruhusu wawili.

Tunasisitiza pia kwamba musi aliye majini asipigwe. Wateja wetu wawili walimpiga dume aliyesimama kwenye kidimbwi, maji yakimfika tumboni, naye akaanguka papo hapo. Walishinda hadi usiku wakimchuna huku wamezama mapajani katika maji ya baridi kali, kwa sababu hakuna watu wawili wanaoweza kumburuta mnyama wa uzito ule hadi nchi kavu. Wangengoja apande ukingoni, kazi ingekuwa ya saa chache.

Nyama ikishapatikana, adui wake ni joto na unyevu, na mvua za Septemba hazikosekani. Kila kipande kitiwe ndani ya mfuko wa kitambaa chepesi, kining'inizwe kwenye mti uliolazwa kati ya misonobari miwili, na turubai lifungwe juu bila kuigusa nyama ili upepo upite. Kesho yake ipapase kwa kiganja: ikiwa imefanya gamba kavu, umefanikiwa, ikiwa inanata, badilisha mfuko mara moja. Kambi ya kulala iwe mbali nayo, kwa ajili ya dubu.

Kuhusu sheria, aliyesafiri kwa ndege ndogo haruhusiwi kuwinda hadi saa tisa usiku wa kuamkia siku inayofuata. Asiye mkazi wa Alaska, katika maeneo mengi, hutakiwa kumpiga dume mwenye pembe za upana wa angalau inchi 50, yaani sentimita 127, au mwenye idadi maalumu ya ncha za mbele. Ndugu zetu wanaotoka Afrika Mashariki au Ghuba, wasio raia wala wakazi wa Marekani, hulazimika kuongozana na mwongozaji mwenye leseni.

Ukungu unaweza kuizuia ndege siku mbili au tatu, kwa hiyo unapofungasha chakula, hesabu siku hizo pia.