Kwa walimu wa michezo na makocha wa vijana: mtoto anayechaguliwa mwisho

Wanangu,

Nimepuliza filimbi miaka mingi kabla magoti hayajanikatalia, na kuna jambo nililifanya muda mrefu bila kuuona ubaya wake. Nilikuwa nikiwasimamisha manahodha wawili mbele, wachague wachezaji kwa zamu. Siku moja alibaki mvulana mmoja. Akainama akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilishafungwa vizuri. Akazifungua, akazifunga tena, mpaka nahodha aliposema, "Haya, njoo wewe." Kipindi kilichofuata akaniambia tumbo linamuuma. Na kilichofuata vivyo hivyo. Nikamwita mvivu, kumbe alikuwa anaikimbia aibu.

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wameeleza tangu miaka ya 1980 kwamba ari ya kweli hukua pale mtu anapokuwa na kauli katika anachofanya, anapojiona anaweza, na anapojua kuwa wenzake wanamhesabu. Mimi nilimnyang'anya yule mtoto yote matatu kabla mpira haujaguswa.

Nawasihi, timu zipangeni ninyi wenyewe mapema, kimya kimya. Na kukimbiza watoto raundi kwa kuwaadhibu, acheni kabisa. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye umri wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Atazitafuta vipi mtoto anayejua kwamba mbio ni malipo ya kosa?

Wenye vipaji nao msiwasahau. Mwaka 2021, kwenye Olimpiki ya Tokyo, Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani, alijiondoa katikati ya fainali ya timu kwa sababu akili na mwili vilikuwa havisikilizani akiwa hewani, na katika mchezo wake, hiyo ni hatari ya kuvunjika shingo. Wapo waliomwita mwoga. Mwaka 2024 mjini Paris alitwaa dhahabu tatu. Sisemi kila anayepumzika atarudi na medali. Wengine hawatarudi kabisa, na bado walistahili kusikilizwa. Kijana akikwambia "leo siwezi," muulize kwanza amelalaje, kabla ya kumwambia avumilie.

Miaka yangu ya mwisho kazini nilianza kumwekea kila mtoto ukurasa wake daftarini: muda wake wa mbio wa mwezi uliopita, muda wake wa leo, basi. Wa kwanza na wa mwisho sikuwatangaza tena. Msichana mmoja, ambaye kila mara alifika wakati wenzake wameshakaa chini, aliuchungulia ukurasa wake akaona sekunde nne zimepungua. Alikuwa bado anahema, mikono magotini.

"Mwalimu," akasema, "naomba nirudie."