Soma Namba Kabla ya Kutoa Fedha

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Umenieleza kwamba Jumamosi unakwenda Ohio kutazama yale magari mawili, Camaro Z/28 ya Chevrolet na Mustang Boss 302 ya Ford, yote ya 1969, na kwamba fedha umekwisha kuziandaa. Tangu nipate habari hiyo sijalala vizuri. Magari yenyewe sina neno nayo. Neno langu ni namba. Usimpe mtu hata senti kabla hujaisoma kwa macho yako.

Najua moyo wako uko kwenye Camaro. Kwa injini hayaachani, yote ni inchi za ujazo 302, kwa sababu Trans-Am, mashindano ya mbio za magari ya Marekani, yaliweka ukomo wa lita 5, na viwanda vyote viwili vilitangaza nguvu ya farasi 290, hesabu ambayo mafundi tuliicheka, maana zilikuwa zaidi. Chevrolet walitwaa ubingwa 1968 na 1969, Ford wakaurudisha kwao 1970. Tofauti iko kwenye uchache na kwenye ushahidi. Boss 302 za 1969 ni 1,628 tu, na Z/28 za mwaka huo zinapita 20,000.

Boss inajitambulisha yenyewe: chungulia kwenye kioo cha mbele upande wa dereva, na kama namba haianzi na 9F02G, ondoka. Kisha agiza ripoti kwa Marti Auto Works wa Arizona, wenye kumbukumbu za Ford tangu modeli za 1967. Ukiinunua, uliza kuhusu pistoni, kwani za awali zilikuwa na tabia ya kupasuka.

Namba ya chasisi ya Camaro, kwa upande wake, inasema silinda nane na kunyamaza. Nembo na michirizi anabandika yeyote. Kwa hiyo inama upande wa abiria, mbele ya kichwa cha injini, ufute grisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, umulike kwa tochi. Tafuta herufi DZ, na kando yake, au pengine karibu na chujio la mafuta, tarakimu zinazolingana na chasisi. Chini ya herufi hizo lazima uone mistari myembamba ya mashine ya kiwandani, ikienda mbele na nyuma. Pakiwa laini, pamesagwa na kugongwa upya.

Ile Camaro nyekundu ya Houston, ambayo nyumbani hatuitaji, palikuwa laini. Miaka yote hii nimewaambia kwamba mwanga ulikuwa hafifu. Mwanga ulitosha. Ada ya dada yako ilikokwenda unajua.

Kwa ufundi umenipita, na nimewaambia hivyo hata wazee wenzangu barazani, lakini una haraka, na ukishapenda kitu husikii la mtu. Sijui umeirithi wapi.

Mama yako anauliza kama fedha ya mabati imo humo humo kwenye hizo ulizoandaa, kwa sababu vuli imekaribia na chumba cha bibi yako kinavuja upande wa kitanda. Mjibu yeye, usinijibu mimi.

Jumamosi nitumie picha ya namba kabla hujataja bei. Huku utakuwa usiku mkubwa, lakini simu nitaiweka juu ya mto wa kulalia.

Baba yako